Deki Kwanza, Umeme Baadaye

Mwaka 2004 Mariette alinunua deki ya kaseti, akaiweka juu ya meza sebuleni kwake Misiera, kijiji cha wakimbizi huko Nakivale, Uganda, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma. Nyumba haikuwa na umeme. Misiera nzima haikuwa na umeme, isipokuwa duka moja lenye jenereta, na jenereta hiyo iliwashwa wakati wa mpira tu. Mariette hakuwa mtu wa mambo ya kijinga, kwa hiyo sisi majirani tulikwenda kutazama. Alifunua kitambaa, tukaitazama deki, akaifunika tena. Wengine walirudi siku ya pili na wageni wao.

Mumewe aliitwa Byamungu, mkulima wa mahindi na maharage. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alikuwa akiyaweka mpaka ayahitaji. Alisubiri wawe shambani wakipalilia ndipo akauliza.

“Mama Prince, ile kintu itakula nini?”

“Kuran,” alisema Mariette. Kwao Kongo umeme huitwa hivyo, na spika huitwa bafle.

“Na kuran iko wapi?”

“Kuran ni ya pili. Kwanza deki, kisha kuran, kisha ampli, kisha mabafle mbili, ya kushoto na ya kuume. Nyuma yake tutaona.”

Byamungu alipalilia kidogo. “Sababu gani umeanza na deki?”

“Ndiyo ilikuwa inauzwa.”

Alilifikiria jibu hilo mpaka mwisho wa tuta, akageuka, akaanza tuta lingine. “Sawa,” akasema.

Ili mtu amwelewe Mariette, lazima ajue habari za kiti. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari cha Kiliba, karibu na Uvira, na nyumbani alikuwa na mashine ya santuri yenye spika mbili za mbao. Mbele ya spika hizo aliweka kiti kimoja. Alikisogeza mbele, nyuma, kando, kwa wiki nyingi, na alipopata mahali anapopataka akaipigilia miguu ya kiti misumari sakafuni ili mke wake asikihamishe akifagia. Watoto walikalia kiti kwa zamu. Ukifumba macho, mwimbaji alikuwa amesimama katikati, juu kidogo ya kabati la vyombo, na mpiga gitaa alikuwa mlangoni. Mariette alikuwa akifumbua macho ghafla ili awakamate. Mwaka 1996 walikimbia vita, wakabeba mashine ya santuri hadi njiani, ambako mtu mwenye bunduki aliipenda. Kiti hakikubebeka kwa sababu ya misumari.

Alikuwa akiisimulia hadithi hiyo bila kushusha pumzi wala kutikisa kichwa, kama anayekuelekeza njia ya kwenda sokoni.

Nakivale alifika na mume, mtoto wao Prince na sufuria. Alianza kununua samaki kwa wavuvi wa ziwani, ngege na kambale, akawabanika kwa moshi na kuwapeleka Mbarara kwa pikapu iliyokuwa ikibeba mahindi. Wateja wake wakubwa walikuwa wake wa wanajeshi katika kambi ya Makenke. Huko Kiswahili kilimfaa, ingawa kilikuwa Kiswahili cha namna nyingine, cha amri na cha haraka, na mara za kwanza alidhani kila mtu amemkasirikia.

Siku moja alikuwa anampelekea samaki mama mmoja aitwaye Enid. Alipofika mlangoni alisikia rumba ikitoka sebuleni, na haikuwa rumba ya redio. Alisimama. Samaki walikuwa kichwani, jua lilikuwa kali, na Enid alikuwa amekwisha toa kikapu chake, lakini Mariette alibaki amesimama pale pale akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja.

Ndani, kwenye kiti, alikuwa ameketi Sajenti Rwakabuba, mume wa Enid, fundi wa magari ya jeshi. Alikuwa na fulana ya ndani na soksi, na mikono yake ilikuwa juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

“Wewe mama,” alisema Rwakabuba, “unasikia nini?”

“Nasikia muziki, Afande.”

“Ile mtu anaimba iko wapi?”

Mariette alilichukulia swali hilo kuwa la kawaida kabisa. “Iko kwa dirisha, Afande. Ilipaswa kuwa katikati.”

Rwakabuba alisimama, akamgeukia mkewe. “Enid! Umesikia? Mimi nasema kila siku, iko kwa dirisha!”

“Mimi nasema kila siku,” alisema Enid, “hakuna mtu kwa dirisha. Mama, samaki ni bei gani?”

Ikagundulika kwamba meza ya cherehani ya Enid ilikuwa imeiziba nusu ya spika moja. Rwakabuba alikwisha jua hivyo, lakini meza hiyo hakuwa na mamlaka nayo. Alichokuwa anakosa ni shahidi. Tangu siku hiyo, kila Mariette alipoleta samaki, aliitwa ndani, akaketishwa kwenye kiti, na kuulizwa aliko mwimbaji.

Deki aliipata kwa njia hiyo. Rwakabuba alikuwa amenunua mashine ya sidii, na deki yake ya kaseti ilikuwa imelala chini ya kitanda, ambako Enid alijigonga kidole cha mguu nayo kila asubuhi. Enid akamwambia Mariette aichukue alipe kwa samaki, na akamwomba aichukue siku ile ile.

Hatua ya pili, umeme, ilichukua muda, maana ilibidi Byamungu akubali. Alikubali mara simu zilipofika Misiera na watu wakaanza kutafuta mahali pa kuzichaji. Wakanunua paneli ya sola, betri ya gari na kile kisanduku cha inveta kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani. Mchana Byamungu alichaji simu za watu. Jioni, zilipochukuliwa na wenyewe, Mariette aliunganisha deki.

Tulikuwa wengi jioni hiyo. Alitia kaseti, akabonyeza. Kaseti ikazunguka. Vitaa vidogo vya kijani na vyekundu vikaanza kupanda na kushuka kwenye uso wa deki, vingine vikiruka, vingine vikitetemeka. Hapakuwa na sauti yoyote.

“Iko naimba?” aliuliza Byamungu.

“Iko naimba.”

“Siye hatusikie.”

“Kunakosekana ampli na mabafle. Lakini angalia vile inapanda. Hii ni fasi ya gitaa.”

Tulitazama fasi hiyo, mahali gitaa linapoingia. Mtu mmoja nyuma akasema imechezwa vizuri. Kaseti ilipoisha upande mmoja, Mariette aliigeuza, tukatazama upande wa pili, kisha tukaenda nyumbani kula.

Sasa ikaja shida. Amplifaya aliyoitaka, ile ampli ya kukuza sauti, ilikuwa ya Rwakabuba, na Rwakabuba hakuwa na mpango wa kuiacha. Angeweza kutafuta nyingine mjini, lakini za dukani mpya hazikuwa za mfuko wake, na zile za mitumba hakuziamini. Ya Rwakabuba aliijua. Alikuwa ameisikiliza mwaka mzima, anazijua tabia zake kama za jirani. Alijua, kwa mfano, kwamba ukipandisha sauti kupita nusu, besi ilianza kukoroma.

Kila alipoulizwa, “Unaonaje, Mama Prince?” alikuwa akijibu, “Iko muzuri, Afande.” Na ilikuwa kweli kwa sababu walikuwa wakisikiliza sauti ya chini.

Kisha Jumamosi moja Enid alikuwa amekwenda harusini, na Rwakabuba akapandisha.

“Unaonaje?”

Mariette hakusema uongo. Jambo hilo alilisisitiza sana aliponisimulia. Alisema, “Iko muzuri, Afande,” ila kabla ya kusema alinyamaza kidogo. Alinyamaza kiasi cha mtu kumeza mate.

Rwakabuba akaizima mashine. “Besi,” akasema.

“Sikusema kitu, Afande.”

“Nimesikia.”

Mwisho wa mwezi alikwenda dukani, High Street mjini Mbarara, akarudi na amplifaya mpya, nyeusi, nzito kama mawe ya kusagia. Ile ya zamani ikaenda Misiera ndani ya gunia, juu ya mahindi, na Mariette ameikumbatia njia nzima. Fundi seremala wa karibu na Base Camp, penye ofisi za Nakivale, alimtengenezea masanduku mawili ya mbao za mkaratusi, wakatia spika zilizotoka kwenye gari lililopata ajali. Sanduku moja lilikuwa kubwa kuliko lenzake. Seremala alieleza kwamba mbao zilimwishia.

Jioni aliyowasha, muziki ukatoka. Haukuwa mzuri sana. Mwimbaji alikuwa na mafua na alielekea upande wa sanduku kubwa. Lakini Mariette aliketi kwenye kiti alichokipanga, akafumba macho, na Byamungu aliyekuwa amesimama nyuma yake aliona mabega yake yakishuka, polepole, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha mvua ikaanza kunyesha juu ya mabati na hakuna aliyesikia kitu tena mpaka ikaisha.

Byamungu alidhani huo ndio mwisho. Alisema, “Basi, imetimia.”

Mariette alikuwa anatazama mabati. “Kunatakiwa mikeka,” alisema.

Alitundika mikeka ya mafunjo chini ya bati lote, na mingine ukutani. Nyumba ikapoa, sauti ikatulia, na mvua ya kawaida ikawa inavumilika. Watu walianza kumuuliza atafungua lini ukumbi wa video, au atakodisha lini kwenye harusi. Mchungaji wetu, Pasta Kalume, alikuja mwenyewe, akanywa chai, akasifu mikeka.

“Mama Prince, kanisa haina vyombo,” alisema. “Kwaya inaimba na mudomo tu. Mungu amekupatia hii juu ya kusaidia watu wake.”

“Pasta, ile haiwezi kanisa. Ni ya mu nyumba. Mukiipandisha kwa batu mingi itaungua.”

“Basi unaifanyia nini?”

“Ninasikiliza.”

“Unasikiliza tu?”

“Ninasikiliza tu, Pasta.”

Jumapili iliyofuata Pasta Kalume alihubiri juu ya watu wanaoficha taa chini ya pishi. Hakutaja jina. Mariette aliketi mstari wa mbele na kusikiliza mahubiri yote, na baada ya ibada alimshukuru, akamwambia kwamba akisimama hatua moja mbele ya nguzo, watu wa nyuma watamsikia vizuri zaidi. Pasta alisogea. Walimsikia. Habari ya vyombo haikurudi tena.

Huko Makenke mambo yalikuwa yameanza kuwa magumu. Enid alikuwa mtu wa kuunganisha mambo. Alikuwa ameona kwamba yule mama wa samaki akija, anaketi, anasema “iko muzuri”, na mwisho wa mwezi mshahara unarudi nyumbani ukiwa umebadilika kuwa chombo. Siku moja alimzuia Mariette jikoni, akamwita nyabo, yaani mama, kama wanavyoitana watu wa huko.

“Nyabo, mimi nakuuliza kitu moja. Wewe unakuja kuuza samaki ama unahamisha nyumba yangu polepole?”

Mariette aliweka kikapu chini. “Mama Angella, siombe Afande kitu. Ananiuliza, najibu.”

“Unanyamaza! Yeye ananiambia, ‘Mama Prince amenyamaza.’ Unanyamaza, tunanunua!”

Mariette akavuta kigoda, akaketi. Wakazungumza kwa utulivu, wote wawili wakichambua samaki. Enid alikuwa anataka friji. Watoto wa kambi walikuwa wengi, joto lilikuwa jingi, na mtu mwenye friji angeuza juisi na barafu mpaka achoke. Alikuwa ameomba tangu Angella, binti yake, akiwa tumboni, na sasa Angella alikuwa anasoma. Wakakubaliana hivi: mpaka friji inunuliwe, Mariette akiulizwa atajibu bila kunyamaza.

Mariette alishika ahadi. Zile spika za Rwakabuba, ambazo ndizo zilikuwa hatua yake inayofuata, alizitazama kila wiki na kusema, “Iko muzuri, Afande,” haraka, kama anayejibu mahudhurio shuleni. Mwanzoni Rwakabuba alifurahi. Baada ya miezi akaanza kuwa na wasiwasi. Aliweka wimbo mbaya makusudi, uliorekodiwa vibaya, unaokwaruza.

“Unaonaje?”

“Iko muzuri, Afande.”

Akazima mashine, akavuta stuli, akaketi mbele yake. “Mama Prince. Mimi niko mtu mzima. Sema tu. Nini imeharibika?”

Mariette alitazama mlango wa jikoni. Kisha akasema, “Afande, kunakosekana friji.”

“Friji? Friji inafanya nini na sauti?”

“Saa ile muziki inashuka chini, mu ile fasi ya polepole, nasikia Mama Angella kwa jikoni analalamika. Kama iko na friji, atanyamaza. Utasikia hata pumzi ya muimbaji.”

Rwakabuba alifikiri kama fundi. Alikwisha badilisha nyaya, amplifaya, hata soketi ya ukutani, na hakuwahi kuigusa hiyo kelele ya nyuma. Friji ikanunuliwa. Enid aliuza juisi, akanyamaza, akawa hata anaimba. Kwa siku chache Rwakabuba alisikia pumzi ya mwimbaji. Kisha akaanza kusikia friji. Ilikuwa ikinguruma upande wa pili wa ukuta, inanyamaza, inaanza tena, na ilianza daima kwenye fasi ya polepole. Alipolalamika, Enid alimwambia kwamba hiyo friji ni hatua, aliambiwa hivyo na mtu anayemwamini.

Mwaka 2009 Rwakabuba alipelekwa Somalia. Vyombo vilifunikwa. Mariette aliendelea kuleta samaki, akawa anaketi jikoni badala ya sebuleni, na urafiki wake na Enid ulikua hapo, juu ya ubao wa kukatia, bila mwimbaji yeyote kati yao. Rwakabuba alipopiga simu alimuuliza Enid habari za watoto, habari za friji, kisha alieleza kwa kirefu spika atakazonunua akirudi: ndefu, za kusimama sakafuni, zinazomfikia mtu kiunoni. Enid alikuwa akimpa ujumbe Mariette jinsi alivyoupokea. “Amesema za kiunoni. Za zamani ni zako. Amesema hivyo mwenyewe, mimi sijasema kitu.”

Rwakabuba alirudi mwanzoni mwa 2011 na spika hizo, alizozinunua Kampala akiwa njiani, kabla hata ya kumwona mkewe. Aliziunganisha mchana huo huo. Mariette alipokuja na samaki siku iliyofuata, alimkuta anatembea kati ya kiti na mashine. Alikuwa amekonda. Waya zilikuwa zimetolewa na kurudishwa, sakafuni kulikuwa na vipande vya waya vilivyokatwa kila mahali, na cherehani ya Enid ilikuwa nje uani.

“Mama Prince, kaa. Kaa haraka. Iko wapi?”

Akaketi. Rwakabuba akaweka wimbo aliouzoea.

Mariette hakuwa amesikia kitu kama kile tangu Kiliba. Mwimbaji alikuwa amesimama katikati, mzima, ana kimo na ana kifua. Nyuma yake ngoma zilikuwa na nafasi ya kupita. Alifumba macho, akayafumbua, akayafumba tena. Alipoyafumbua mara ya pili alimwona Rwakabuba anavyomtazama, na alivyokuwa ameligeuza sikio lake la kulia kuelekea kwenye spika, shingo imepinda, kama kuku anayetazama mwewe.

“Iko wapi?” aliuliza tena, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Hapo Mariette angeweza kunyamaza. Kunyamaza kidogo kungetosha, spika zile ndefu zingeonekana na kasoro, na mwisho wa mwezi nani ajuaye. Alikiri kwamba wazo hilo lilipita. Lilipita kama mtu anavyopita nje barabarani.

“Iko katikati, Afande. Katikati kabisa.”

Rwakabuba alishusha mikono. “Mimi namsikia kwa jikoni.”

“Jikoni niko mimi peke yangu,” Enid alisema toka ndani.

Wimbo uliendelea mpaka mwisho, ukaisha. Rwakabuba aliketi juu ya sanduku lililokuja na spika, akawaambia wote wawili kwa mara moja, akitazama waya zilizokatwa. Huko Somalia kombora lilianguka karibu na lori alilokuwa akilitengeneza. Hakuumia. Aliyekuwa upande wa pili wa lori alikufa, na yeye akasimama, akajipangusa vumbi, akaendelea na kazi, na sikio la kushoto halikusikia kitu tena tangu saa ile. Daktari wa jeshi alimwambia labda litarudi. Alikuwa amesubiri. Alidhani limelala tu, na kwamba akipata spika nzuri litaamka.

Enid alikuja kutoka jikoni na mikono yenye unga. Alikwenda akasimama upande wa kushoto wa mumewe, akasema jambo taratibu. Mumewe hakugeuka. Akahamia upande wa kulia, akalisema tena. Mariette alichukua kikapu chake na kwenda uani kuwapanga samaki waliokuwa wamepangwa tayari.

Hospitalini Mbarara walisema halitarudi. Rwakabuba alifunika vyombo na kwa miezi mingi hakuvigusa. Hakuuza chochote, na Mariette hakuuliza. Zile spika za zamani alizoahidiwa zilikuwa zimesimama pale pale kwenye kona, na alikuwa akizipita kwenda jikoni na kurudi, akisalimia watu. Ni Enid aliyeuliza.

“Mama Prince, fikiri kitu. Huyu mtu anakaa tu. Hata magari hataki kusikia.”

Mariette alifikiri njia nzima ya kurudi Nakivale, na wiki iliyofuata alikuja na jibu. Rwakabuba aunganishe sauti ya kushoto na ya kulia ziwe moja, na zitoke katika spika moja, iliyowekwa mbele ya kiti, upande wa sikio zima. Mwimbaji ataimba pale ilipo spika. Hakuna wa kumtafuta.

Rwakabuba alikataa. “Spika moja ni redio ya askari wa geti.”

“Afande, zamani, mbele ya sitereo ya mabafle mbili, batu balisikiliza bafle moja miaka mingi. Na balicheza.”

“Balikuwa na masikio mawili!”

“Balikuwa na mbili, na balipewa moja. Weye uko na moja, na unapewa moja. Uko sawa kupita bale batu.”

Alimtazama kwa muda mrefu kuona kama anadhihakiwa. Uso wa Mariette haukuonyesha kitu, kama kawaida yake. Hakukubali siku hiyo. Lakini Enid alisema kwamba siku mbili tatu baadaye aliporudi kutoka sokoni alimkuta amelala sakafuni na bisibisi mdomoni, na spika moja ndefu imeburutwa hadi mbele ya kiti. Nyingine ilibaki kwenye kona. Alikataa iondoke nyumbani. Alisema ni ya akiba. Enid aliweka juu yake chungu cha maua, na maua yakaota vizuri.

Zile spika za zamani zilikwenda Misiera mwaka 2012, zote mbili, na Rwakabuba alizisindikiza mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja Nakivale. Alikuja na Enid na kreti ya soda baridi kutoka kwenye friji, ambazo zilifika zikiwa vuguvugu. Masanduku ya mkaratusi yaliondolewa, Byamungu akayachukua, akayatoboa mlango, na kuku wakaingia humo jioni hiyo hiyo.

Rwakabuba alikagua kila kitu. Aligonga ukuta wa fito na udongo kwa kifundo cha kidole, akausikiliza kwa sikio la kulia. “Ukuta hii ni mulaini. Inakula besi. Hapa unataka tofali.”

“Najua, Afande. Mbele nilitaka waya ya muzuri.”

“Waya baadaye. Tofali kwanza.”

Walibishana kwa nusu saa, kwa Kiswahili cha pande mbili, wakikatizana, wakionyeshana pembe za nyumba. Enid na Byamungu walikuwa wameketi mlangoni na soda zao.

“Hii kitu inaishaga lini?” Enid alimuuliza.

Byamungu aliwatazama wale wawili. “Miye sisikie tofauti,” alisema. “Tangu ile ya taa, naona ni ileile.”

Hata hivyo, kiangazi kilichofuata ni yeye aliyekwenda bondeni kufyatua matofali. Hakuna aliyemtuma. Alifyatua mpaka tukafikiri anajenga duka. Alipomaliza alimuuliza mkewe swali moja, ukuta uwe na urefu gani, na alipojibiwa akajenga.

Chumba hicho cha muziki kilikamilika mwaka 2014. Hakina dirisha upande wa barabara, kwa hiyo wageni hudhani ni ghala, na hawajakosea sana. Mavuno yale yalikuwa mengi, Byamungu akakosa pa kuweka maharage, akaingiza magunia humo kwa muda na kuyapanga kwenye kona zote. Jioni Mariette aliketi kusikiliza, akainuka, akasogeza gunia moja, akaketi tena. Besi iliyokuwa ikigongana na kuta mpya ilikuwa imetulia kama mtoto aliyekwisha shiba. Akamwambia mumewe magunia yasitoke.

Yalikaa mpaka bei ya maharage ilipopanda mwaka uliofuata, na kila mtu Misiera alikuwa anauza. Byamungu alikuja amevaa kofia, mtu wa lori akimsubiri barabarani, akasimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha.

“Mama Prince, ninauza maharage.”

“Ya fasi gani?”

“Yote.”

“Hapana, Baba Prince. Ya nyuma ya kiti, hapana. Ya kona ya kushoto, hapana.”

Mwenye lori alipiga honi. Mariette alizunguka chumba, akapiga makofi mara moja katika kila kona na kusikiliza. Mwishowe alimruhusu auze ya kona ya kulia, safu ya juu tu, na akamwambia ayatoe polepole, wimbo unaofuata ulikuwa unaanza.